Alama Tano kwa Neno Moja

Tangazo lilipobandikwa kwenye mlango wa karakana ya injini pale Ketner, Emory Carpenter alikuwa amebakiza wiki kumi na siku mbili tu za kuendesha garimoshi. Alilisoma akiwa amesimama, kikopo chake cha chakula kikining'inia mkononi. Kisha akalisoma tena, maana hakuwa na miwani na alidhani macho yake yanamtania.

Kuanzia Jumatatu, lilisema tangazo, injini zote zenye magurudumu mawili mbele, manane katikati na mawili nyuma, ambazo mpaka leo zimeitwa Mikado, zitaitwa MacArthur katika maandishi yote ya Kampuni. Atakayeandika jina la zamani atapewa alama tano.

"Mzee, wanasema nini?" aliuliza Santo Ferrante akiwa nyuma yake. Santo alikuwa mchochea moto wake, baba wa mabinti watano, mwenye mabega yanayojaza mlango.

"Wanasema 517, injini yetu, amebadilisha jina."

"Ameolewa?"

"Amejiandikisha jeshini."

Santo alisoma mwenyewe huku midomo ikichezacheza. Ilikuwa Aprili ya mwaka 1942. Miezi minne ilikuwa imepita tangu Wajapani washambulie meli kule Hawaii, na Mikado, kama kila mtu wa reli alivyojua, ni jina la heshima la mfalme wao. MacArthur alikuwa jenerali aliyepigana nao huko Ufilipino.

"Na mimi je?" Santo alisema. "Italia nayo iko upande wa pili. Kesho watasema Ferrante ni jina la adui, niitwe Washington."

"Ukiitwa Washington, mkeo atakuita nani anapokukemea?"

"Ataendelea na lile analolitumia, mzee. Halimo kwenye vitabu."

Watu waliokuwa wamekusanyika walicheka, na Emory akacheka nao. Lakini alipokuwa akielekea kwenye injini yake alikuwa akipiga hesabu kimoyomoyo, na hesabu haikumpendeza.

Pale Kampuni hakuna aliyekatwa mshahara kwa kosa. Ulipewa alama. Mwaka mzima ukipita bila kosa, zinafutwa. Zikifika sitini, unavua glavu na kwenda nyumbani. Emory hakuwahi kupitisha mwaka bila kosa, na siku ile alikuwa na hamsini. Kumi alipewa kwa kusimamisha garimoshi la makaa dakika arobaini ili awasaidie watu wa Amish, wale Wakristo wasiotumia magari ya mafuta, ambao gurudumu la gari lao la farasi lilikuwa limenasa kwenye njia ya reli. Arobaini zilizobaki zote zilikuwa za honi.

Habari ya honi ilikuwa hivi. Mkewe, Lovina, alikuwa na chungu chake cha matofaa makavu na paja la nguruwe, na juu ya mchuzi ule hutupwa knepp, yale matonge ya unga ambayo bila hayo mtu wa Ketner haoni kama amekula. Knepp huiva kwa dakika ishirini. Ukizidisha yanakuwa gundi, ukipunguza yanakuwa mawe, na ukifunua kifuniko kuchungulia, yanabonyea. Basi kila alipofika kona ya Kurtz, ambako kulikuwa na dakika ishirini na tano mpaka mezani kwake, Emory alivuta kamba ya honi: mlio mmoja mrefu, miwili mifupi, kisha mrefu mwingine aliouyumbisha mwishoni mpaka ukasikika kama mtu anayeimba akipanda ngazi. Lovina huko jikoni alitupa matonge na kufunika. Kampuni ilikataza honi za mapambo. Kwa miaka ishirini na minane Kampuni na knepp walikuwa wakivutana, na mara nyingi knepp ndio walioshinda.

Kilichomtia hofu sasa hakikuwa uzee. Palikuwa na desturi pale Ketner. Dereva anapostaafu, huingiza garimoshi lake stesheni mara ya mwisho, mkewe akiwa amesimama jukwaani na gauni jipya. Dereva hushuka, huvua glavu, humkabidhi mkewe, naye huzitia mkobani na kuufunga. Mkoba ukilia "tap", hapo ndipo mtu amestaafu. Dereva aliyefikisha alama sitini hutoka kwa mlango wa nyuma wa karakana, glavu zake mkononi. Wawili walishatoka hivyo tangu Emory aanze kazi, na wote wawili walihama mji.

Jumatatu ile ya kwanza alirudi na garimoshi la makaa jioni, akaandika ripoti ya safari kama alivyoandika maelfu ya ripoti, akaisukuma kwenye dirisha la ofisi na kugeuka aende zake.

"Bwana Carpenter. Rudi."

Aliyeita alikuwa Bi Purcell, karani mkuu, mjane mwembamba mwenye miwani ya fremu ya chuma. Kila karatasi iliyopita kwenye dirisha lile aliisoma mara mbili, iwe inaingia au inatoka, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kutoa hata moja yenye kosa.

"Naam, Bi Purcell."

"Hapa, kwenye aina ya injini, umeandika nini?"

Emory aliinama. "Mungu wangu. Nimeandika Mikado."

"Nami naona hivyo."

"Ni mkono, Bi Purcell. Mkono ndio ulioandika. Mimi nilikuwa nawaza valvu inayovuja."

"Basi alama tano naupa mkono. Bahati mbaya umeunganishwa na wewe."

Emory alijaribu utani. Alisema jenerali mwenyewe hajui kama kuna injini inayovuja kwa jina lake. Uso wa Bi Purcell ukafungwa kama dirisha, na dirisha nalo likafungwa. Nje ya ofisi, Santo alimkumbusha kwa sauti ya chini jambo ambalo Emory alikuwa amelisahau: Russell Purcell, mwana wa pekee wa mama yule, alikuwa fundi wa redio wa jeshi la maji kwenye kisiwa cha Corregidor, huko huko Ufilipino.

"Kwa nini hukuniziba mdomo?" Emory alisema.

"Mikono yangu ilikuwa na makaa, mzee."

Hamsini na tano. Neno moja zaidi, na Lovina hatapata glavu.

*

Usiku ule Lovina alileta jikoni kibao cha chaki walichokuwa wakitumia watoto wao zamani.

"Andika."

"Lovina, nina miaka sitini na minne."

"Andika MacArthur. Mara thelathini."

Aliandika, ulimi ukichungulia pembeni ya mdomo. Lovina alikuwa akifuma huku akihesabu. Alipochungulia kibao alikuta mstari wa ishirini na mbili umeandikwa Mikado, kwa herufi nzuri kuliko zote.

Lovina alicheka mpaka akaweka ufumaji chini. Kisha akaacha kucheka. "Emmerich," alisema, kwa maana nyumbani alimwita hivyo, "gauni nimeshalishona. La buluu. Nataka kusimama pale jukwaani."

"Utasimama."

"Basi futa, anza upya."

Lovina ndiye aliyekuwa asili ya neno lile, na wote wawili walijua. Mwaka 1913, Emory alipokuwa mseja wa miaka thelathini na sita ambaye mama zake wakubwa walishamkatia tamaa, injini 517 ililetwa Ketner ikiwa mpya, na mji mzima ukaja kuitazama. Alikuwa akifuta shaba ya taa ya mbele pale alipofika msichana mwenye kikapu cha mayai, Lovina Stoltz wa shamba la ng'ambo ya mto.

"Wanasema hii ni Mikado," alisema msichana. "Mikado ni nini?"

"Ni mfalme wa Wajapani."

"Na mfalme wa Wajapani anafanya nini hapa Ketner?"

"Anavuta makaa."

Msichana alicheka na kikapu kikacheka naye, mayai matatu yakapasuka. Ili kumzuia asiondoke, Emory alimweleza kila alichokijua. Wajapani walikuwa na makaa mabaya, yenye vumbi, yasiyowaka vizuri kwenye jiko jembamba la injini za zamani. Wakawaandikia mafundi wa Philadelphia. Mafundi wakatengeneza jiko pana, likawa zito mno, wakaliwekea magurudumu mawili ya kulibeba nyuma. Injini zikafungwa kwenye makreti, zikavuka bahari, na aina ile ikabaki na jina la mteja wa kwanza. Lovina aliuliza kuhusu nyingine. Basi akamweleza Pacific, iliyoitwa hivyo kwa kuwa za kwanza ziliagizwa na New Zealand na zilivuka bahari ile kuwafikia wenyewe. Akamweleza Consolidation, iliyozaliwa wakati reli ndogo ndogo za jimbo lao hilo la Pennsylvania zilipokuwa zikiunganishwa kuwa moja. Jua lilipozama, Emory alikuwa hajamaliza shaba, na mayai yaliyobaki yalikuwa yameshachukuliwa na mbwa wa stesheni.

Walioana mwaka uliofuata. Kwa hiyo neno lile halikuwa jina la injini tu. Ndilo lililofungua mazungumzo ambayo yalikuwa hayajaisha mpaka leo, na mkono wake ulikuwa umeliandika jioni baada ya jioni, kabla tu ya kurudi nyumbani kwa Lovina.

*

Kazini, Santo alijipa cheo cha mwalimu. Safari ikiisha, alimsimamia Emory begani na kumtajia herufi.

"M. A. C. Umeweka C? Weka C, mzee."

"Nimeweka."

"Hiyo ni K."

"Ni C iliyochoka."

"Hivi nani huwa anayapa majina haya mainjini?" Santo aliuliza siku moja walipokuwa wakingoja njia. "Bwana gani anakaa mezani akisema wewe fulani, wewe fulani?"

"Anayelipia. Wa New York walitengeneza yenye magurudumu manne nyuma, wakaiita Hudson, mto wao. Wengine wana milima, wakaita Mountain. Ilipokuja ile kubwa iitwayo Northern, ya Kaskazini, makampuni kadhaa ya kusini yalikataa jina."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya vita ya babu zao na watu wa kaskazini. Miaka themanini, na bado hawataki injini yao iitwe ya Kaskazini. Kila kampuni ikatafuta jina lake. Injini ni ile ile, bolti ni zile zile."

"Kwa hiyo inayogombana si injini."

"Injini haijawahi kugombana na mtu. Inataka maji na makaa tu."

Honi nayo aliiacha. Kona ya Kurtz ilipita kimya, na Lovina alibaki kubahatisha. Wiki ya kwanza knepp yalikuwa mawe. Wiki ya pili yalikuwa gundi. Wiki ya tatu Emory aliomba mkate.

"Usiseme neno," Lovina alionya.

"Sijasema."

"Unatafuna kwa kelele."

Mapema Mei habari zikaja kwenye redio kwamba Corregidor imeanguka. Asubuhi iliyofuata Bi Purcell alikuwa dirishani mwake kama kawaida, nywele zimebanwa, penseli imechongwa. Watu walipitisha karatasi zao bila kumtazama usoni, si kwa ubaya, ila hawakujua wafanye nini na macho yao. Emory alijipanga wa mwisho. Ripoti yake ilikuwa sahihi; Santo alikuwa ameikagua mara mbili.

"Bi Purcell," alisema, "ule utani wangu wa mwezi uliopita. Ulikuwa wa kijinga."

Bi Purcell alipiga muhuri, kisha akabaki ameushika muhuri juu ya karatasi.

"Watu wanadhani ni mchezo," alisema hatimaye. "Jina la injini. Wanaume wazima wanacheka. Mimi kila ninaposoma jina lile kwenye fomu, naona kama mtu mmoja zaidi ameikumbuka sehemu aliyoko Russell. Ni ujinga, najua."

"Si ujinga."

"Nilimfundisha mwenyewe kupiga simu ya kugonga herufi, kama hii ya hapa ofisini. Alikuwa na miaka sita. Alikuwa akigonga mezani na kijiko, akiomba uji."

Emory alivua kofia, akaizungusha. "Sisi tulikuwa Zimmermann, jina la Kijerumani," alisema. "Mwaka kumi na nane, vita ile nyingine, watu walimwaga rangi ya njano kwenye kibao chenye jina la baba yangu. Hata kabichi ya siki, kwa kuwa jina lake lilikuwa la Kijerumani, iliitwa kabichi ya uhuru. Ndugu zangu wakaenda mahakamani, tukatoka akina Carpenter. Maana ni ile ile, seremala kwa lugha zote mbili. Nami nikakubali, maana nilikuwa na watoto. Lakini baba aliendelea kuandika Zimmermann mpaka anakufa. Kanisani, posta, kila mahali. Hakuwa akimtukana mtu, Bi Purcell. Mkono wake ulikuwa umeshazeeka ukijua njia moja."

Nje, injini ilikuwa ikinywa maji kwenye bomba.

"Kanuni ni kanuni, Bwana Carpenter."

"Najua."

"Lakini asante."

*

Tarehe ishirini na sita Juni, Ijumaa, Emory alitimiza miaka sitini na mitano. Alinyoa ndevu mara mbili. Alikuwa bado na alama hamsini na tano, na safari moja tu: kwenda Harmon asubuhi na mabehewa matupu, kurudi Ketner saa kumi alasiri na makaa. Bwana Whitcomb, mkuu wa tarafa ya reli, alikuwa amekuja mwenyewe na tai yake ya sherehe.

Bi Purcell alichelewa. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Alipofika, kofia ilikuwa imekaa upande na macho yake yalikuwa mekundu, na Emory, aliyekuwa akingoja dirishani, akavua kofia. Mama yule aliketi, akapachika karatasi kwenye mashine, akapiga hati ya safari kwa kasi ya mvua, akaikata na kumpa nakala mbili bila kuzisoma hata mara moja.

"Bi Purcell? Kuna habari?"

"Yuko Australia," alisema.

"Nani?"

"Russell. Barua imefika alfajiri hii. Waliwatoa mafundi wa redio kwa manowari tangu Aprili, ikawa siri, hawakuruhusiwa kuandika. Yuko Australia, Bwana Carpenter, anasema chakula ni kibaya." Kisha akacheka, na kucheka kule kukageuka kitu kingine, akafunga dirisha.

Emory alitoka nje akiona mwanga umezidi. Akampa kondakta, Lloyd Geiser, nakala yake. Desturi ya kazi ilikuwa kwamba kabla ya kuondoka dereva husoma hati kwa sauti na kondakta hufuatisha kwenye nakala yake, ili kosa lisiwapite wote wawili. Kosa likiwapita, alama ni za aliyeiandika na za dereva aliyeipokea, sawa kwa sawa. Kukiwa na kosa, dereva huirudisha ofisini, na kosa hutangazwa.

Bwana Whitcomb alijongea asikilize. Emory alikunjua karatasi, akavaa miwani.

Kwenye mstari wa pili, kwa herufi kubwa safi, Bi Purcell alikuwa ameandika: INJINI 517, MIKADO.

Hakujua alisimama muda gani. Santo alisema baadaye ilikuwa pumzi mbili tu. Aliona dirisha lililofungwa. Aliona vidole vya mama yule vikikimbia asubuhi ile vikiwa na furaha tele, vikipita njia viliyoipita miaka kumi na tisa. Akiirudisha, yeye atakuwa salama, na Bi Purcell ataitwa mbele ya mkuu wa tarafa siku hii kuliko siku zote. Akinyamaza na mtu akaiona, alama ni sitini kamili, na Lovina atasimama jukwaani na gauni la buluu akingoja mtu aliyetoka kwa mlango wa nyuma.

Akakohoa. Akasoma kwa sauti ya kanisani.

"Injini mia tano na kumi na saba, *MacArthur*, itakwenda Harmon na mabehewa matupu thelathini na nane..."

Lilitoka laini kama maziwa. Wiki kumi za chaki hazikuwahi kulitoa hivyo. Kidole cha Lloyd Geiser kilikuwa kikitembea chini ya maneno. Kilifika mstari wa pili, kikasimama. Lloyd aliinua jicho moja.

"Umesikia, Lloyd?" Emory aliuliza.

Lloyd alikunja nakala yake mara nne, akaitia mfuko wa ndani. "Nimesikia. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Vizuri sana," alisema Bwana Whitcomb. "Carpenter, nipe hiyo yako. Tutaiwekea fremu, tuitundike ukumbini."

"Hati haimtoki dereva mpaka afike, Bwana. Ni kanuni."

"Umeanza lini kuzijua kanuni, Carpenter?"

"Leo asubuhi, Bwana."

Alipanda ngazi za injini. Santo alikuwa ameona yote kutoka juu.

"Mzee," alinong'ona, "wewe ni mwongo mzuri kuliko padri wetu."

"Chochea moto."

Waliporudi kutoka Harmon alasiri, makaa nyuma yao, kona ya Kurtz ikatokea na mashamba yake ya ngano. Emory aliitazama kamba ya honi. Akautia mkono mfukoni.

Mlio mmoja mrefu ukapasua bonde.

Aligeuka. Santo alikuwa ameishika kamba kwa mkono wake mweusi, anavuta: miwili mifupi, kisha mrefu, na mwishoni akajaribu kuuyumbisha, ukalia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni.

"Wewe! Watakupa alama!"

"Sina hata moja, mzee. Tano nitazimudu."

"Mwisho umeukosea."

"Basi nionyeshe."

"Siwezi. Nina hamsini na tano."

"Mkono ni wangu," Santo alisema. "Wewe weka wako juu."

Emory akauweka wa kwake juu, na safari hii mlio ukapanda ngazi zake zote, polepole, mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye ngano.

Lovina alikuwa jukwaani na gauni la buluu. Nusu saa kabla, alikuwa ameteka jiko la chumba cha abiria, chungu kikatokota hapo mbele ya mkuu wa stesheni asiyethubutu kuuliza, na honi ilipolia alitupa matonge na kufunika. Mumewe aliposhuka, alimtazama toka kofia mpaka viatu. Glavu zikavuliwa, zikapokelewa. Mkoba ukalia "tap", na watu wakapiga makofi.

Ndipo Bi Purcell alipopenya katikati ya watu, kofia yake ikiwa sasa imenyooka. Alikuwa ameiona nakala ya hati iliyobaki ofisini, na kosa lake mstari wa pili. Alimpa Bwana Whitcomb karatasi mpya kabisa, isiyo na doa. "Ya fremu, Bwana," alisema. "Ile nyingine ina grisi." Kisha akamgeukia Emory. "Ile nyingine iko wapi?"

"Ipi, Bi Purcell?"

"Sijui," alisema Bi Purcell. "Ipi?" Na mdomo wake ukacheza.

Ilibaki ripoti ya mwisho. Emory aliiandikia hapo hapo dirishani. Alipofika kwenye aina ya injini, Bi Purcell aliinua uso na kutazama dari.

"Andika utakavyo," alisema. "Leo sioni vizuri. Nimesahau miwani nyumbani."

Miwani ilikuwa puani mwake. Emory aliitazama nafasi ile tupu. Kisha akaandika MacArthur, herufi moja baada ya nyingine, hata ile C, bila mtu kumtajia. Bi Purcell aliisoma mara mbili. Akapiga muhuri.

"Ferrante," aliita, "alama tano kwa honi."

"Andika, mama," Santo alijibu kutoka nje, mdomo umejaa knepp. "Zina ladha nzuri."

Yalikuwa yameiva sawasawa. Bi Purcell alikula sahani mbili akiwa amesimama, akieleza kwa kila aliyepita kwamba chakula cha Australia ni kibaya.

Nyumbani, Lovina alipokuwa akikunja koti la kazi ili liwekwe sandukuni, alikuta mfukoni karatasi iliyokunjwa. Aliisoma chini ya taa, akafika mstari wa pili, na kicheko kikamtoka, kile kile kilichovunja mayai matatu.

"Emmerich," alisema akifuta macho. "Na mfalme wa Wajapani anafanya nini hapa Ketner?"

Emory alikuwa amenyoosha miguu kwenye kiti, viatu vimevuliwa.

"Amestaafu," alisema.